Kiboksi cha Waya na Wimbo wa Alfajiri

Mnyambe, Newala
9 Juni 2024

Mume wangu Anwari,

Assalamu alaykum. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaituma, marahaba. Sisi huku wazima. Mama yako Rukaiya anafokea kuku kutwa nzima, kwa hiyo ujue ana afya. Dada yako Shakila bado anangoja kujua chuo gani kitamchukua, na wakati akingoja anakula kama jeshi. Mbaazi zimebeba. Salfa ya kupulizia mikorosho imekuja mapema, nimeipanga chumbani kwangu pamoja na ile iliyobaki mwaka jana, maana kwa jirani wezi wamebomoa ghala wakaondoka na mifuko yote. Hapa kwangu wakiitaka itabidi wanihamishe mimi kwanza.

Umenisahau, najua. Huko Mkomaindo wasichana ni wengi na mimi bibi yako, mkeo wa kwanza, nimezeeka. Lakini mimi siwezi kukusahau, maana mtambo ulionifungia unanitesa.

Kompyuta yenye nyimbo iko chumbani kwangu chini ya kufuli, kama nilivyotaka, na yenyewe haina spika. Waya unatoka kwenye kompyuta, unaingia kwenye kile kiboksi cha plastiki chenye taa unachokiita swichi ya mtandao, halafu unakwenda mpaka nyumba ya uani kwenye amplifaya na zile spika zangu ndefu. Zamani nyimbo zilifika uani kama zilivyoondoka chumbani. Siku hizi zinafika na mashimo. Sauti inakatika katikati ya neno, inarudi mbele, inakatika tena. Na nyuma yake kuna mvumo kama wa nyuki.

Unajua kwa nini inaniuma. Desemba tunawaweka mabinti unyagoni, na safari hii wimbo wa alfajiri wa kuwatoa ataongoza Shakila. Itikio makungwi wenzangu wanalijua wote. Ile sehemu ya chini, anayoimba kungwi mkuu peke yake, ninayo mimi tu, na imebaki kwenye kaseti moja isiyochezeka tena, aliyotuhamishia kwenye kompyuta Mabel, fundi wa kaseti pale Masasi. Shakila lazima aisikie mpaka imkae. Na mashimo yanaangukia papo hapo.

Juzi nilikwenda Newala mjini kwa mtani wangu Ladislaus, yule karani mstaafu mwenye wazimu wa muziki wa dansi. Amebadilisha swichi yake, ameweka ya chuma. Alinipigia wimbo kwa swichi ya zamani, kisha kwa mpya. Anwari, mpiga gitaa alisogea mpaka karibu na goti langu! Nilivuta kitenge nikajifunika. Nataka kama hiyo.

Wala usiniulize kwa nini sipigi simu. Simu haina nafasi ya kumtukana mume vizuri.

Mkeo,
Hamida


Mkomaindo, Masasi
22 Juni 2024

Mke wangu wa kwanza, na wa pekee mpaka sasa,

Shikamoo. Wa alaykumu salaam. Mimi mzima, kazi zipo, wiki hii nafunga mtandao kwenye ofisi mbili na mwenye nyumba ameacha kunikunjia uso. Siku ya Idd nilipiga simu kwa mama asubuhi, mchana na jioni. Asubuhi ulikuwa umelala, mchana umekwenda shamba, jioni unaswali. Mke gani huyu asiyempa mumewe hata mkono wa Idd? Nilikula pilau la jirani kwa uchungu.

Sasa nikujibu. Bibi, Mzee Ladislaus ni mtu mzima na namheshimu, lakini hilo la gitaa na goti ni lake na masikio yake. Kinachopita kwenye waya ule si sauti, ni namba. Saba ikitoka chumbani kwako ikafika uani ni saba, haiwi saba yenye kina. Swichi inapokeza tu, kama wanawake wanavyopokezana ndoo kisimani. Maji hayaongezeki utamu kwa sababu aliyepokea amevaa kitenge kipya.

Nina shauri rahisi. Mwambie Shakila anakili ule wimbo kwenye flashi, auchomeke kwenye redio, basi. Au rahisi zaidi ya hapo: mwimbie mwenyewe! Wewe si ndiye mwenye wimbo? Hakuna spika Tanzania nzima inayokushinda.

Lakini kwa kuwa sitaki talaka, nimempa dereva Rajabu swichi mpya. Ni ya plastiki kama ile ya kwanza. Shakila achomoe waya za zamani na kuchomeka hapo, tundu lolote.

Mumeo mtiifu,
Anwari


Mnyambe
5 Julai 2024

Mume wangu,

Marahaba, na pole kwa pilau la jirani. Huku tumeanza kupuliza mikorosho, kijiji kizima kinanuka salfa na kila mtu ana macho mekundu. Mama yako amevuna mbaazi za kwanza, amekuwekea.

Kaa chini usome.

Shakila alichomeka kiboksi kipya baada ya adhuhuri. Nikaweka kwanza nyimbo za kawaida, zikasikika bila shimo hata moja. Ndipo nikaweka wimbo wa alfajiri. Nilijua ni mimi ninayeimba, nilijua ni kaseti ya zamani, lakini nilipojisikia nikiingia pale uani, mzima, bila kukatika, nilikaa kwenye kinu kilicholala. Shakila alisimama na mkono mdomoni. Wanawake niliowaongoza miaka ile, wengine hawapo tena, walikuwa wanaitikia huku na huku kana kwamba wamebeba kuta. Niliona ajabu ya Mungu, kwamba pumzi ya watu inaweza kufungiwa kwenye waya mwembamba namna ile halafu ikafunguliwa.

Unasema ndoo haibadiliki kwa aliyepokea. Lakini aliyepokea akikohoa, maji yanamwagika. Hilo umelisahau, mtaalamu.

Flashi sitaki. Kitu kinachoingia mfukoni hutembea na mfuko, kesho nitasikia wimbo wangu kwenye bodaboda. Ndiyo maana niliuweka chini ya kufuli, na ndiyo maana nilimtafuta Mabel, mwanamke mwenzetu, auhamishe. Wewe mwenyewe ulifunga mtambo wote ule ukaujaribu kwa kaswida, ukaondoka bila kuusikia wimbo hata mara moja. Kwa hilo nakuheshimu sana.

Mkeo,
Hamida


Mkomaindo
30 Julai 2024

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Mbaazi zimefika, nimekula mpaka nimeona aibu. Nilikuambia swichi haina shida, sasa umeona? Ya plastiki, ya bei ya chini, na imetosha. Mpe salamu Mzee Ladislaus na gitaa lake.

Ila suala moja hukulijibu. Nilikuambia umwimbie Shakila mwenyewe. Kwa nini humwimbii?

Nimempigia mama mara tatu. Kila mara umetoka. Kama nimekukosea niambie, nije niombe radhi.

Anwari


Mnyambe
28 Agosti 2024

Anwari,

Marahaba. Hujanikosea. Nimetoka kwa sababu wakati wa kupuliza mikorosho watu hutoka. Mikorosho imeanza maua, Mungu akipenda mwaka huu tutacheka. Mama yako alijikata kidole na panga, kimepona. Shakila amepata chuo, ataanza mwakani.

Kuhusu kumwimbia: kungwi anayezeeka huimba kwa makosa, na kosa la kungwi hurithiwa. Kaseti niliimba nikiwa na nguvu. Umeridhika?

Mashimo yamerudi. Ni mabaya kuliko ya kwanza. Wiki za mwanzo kiboksi chako kilikwenda vizuri, kisha kikaanza kukohoa kidogo kidogo, na sasa hata taa zake zinazima na kuwaka zenyewe. Mvumo nao umerudi. Shakila ameshika mwanzo wa wimbo, ameshika mwisho, katikati hana kitu. Jana alijaribu kupaziba kwa akili yake mwenyewe. Aliimba vizuri, sauti anayo, lakini hapakuwa penyewe. Nilitaka kulia.

Ladislaus anacheka anasema cha bei ya chini kimekupeleka chini. Ametumia swichi yake ya chuma tangu mfungo na haijakatika hata siku moja. Mimi sijui namba zenu. Najua kwamba vikao vya makungwi vimeshaanza, mabinti wameandikishwa na wazazi wao, wengine wanatoka Mkunya, na kama wimbo ule haupo hakuna wa kuwatoa.

Hamida


Mkomaindo
24 Septemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, nilipelekwa Nanyumbu kikazi nikakwama huko. Nilipata homa kidogo, imepita.

Nimeisoma barua yako na kusema kweli sielewi. Swichi haichoki kwa miezi miwili. Ama umeme wenu unapanda na kushuka, ama panya wametafuna waya. Siwezi kuponya nisichokiona. Tafadhali Shakila aurekodi ule wimbo kwa simu, dakika moja tu, pale panapokatika, anitumie. Nikisikia mikato inavyokwenda nitajua ni ugonjwa gani.

Kama hilo haliwezekani, basi nipigie uniigizie kwa mdomo. Usiimbe maneno. Guna tu. Guna, nyamaza pale panaponyamaza, guna tena. Hapo utakuwa hujavunja mwiko wowote na mimi nitakuwa nimesikia.

Nakuomba sana, nipigie.

Anwari


Mnyambe
11 Oktoba 2024

Anwari,

Marahaba. Korosho zimeanza kudondoka, tunaokota.

Shakila hatarekodi na mimi sitaguna. Usiliombe tena.

Shimo liko hivi: chukua nafaka kwenye ungo, pepeta, na kila ungo unapopanda mtu akunyang'anye punje za katikati. Pembeni zinabaki. Siwezi kulieleza zaidi ya hapo.

Njoo.

Hamida


Mkomaindo
14 Novemba 2024

Bibi,

Shikamoo.

Nimerudi salama. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaacha. Wewe ulikuwepo na mambo yote uliyaona, lakini nataka kuyaandika, maana pale kwako sikuweza kusema.

Nilikukuta umekaa mkekani unachambua korosho. Nikasema shikamoo. Ukanyanyua mkono, ukatabasamu. Nikadhani hukusikia, nikasema tena kwa nguvu, shikamoo bibi! Ukagusa kifua chako, midomo ikafanya marahaba, na haikutoka sauti. Mama alitoka jikoni mbio na unga mikononi akasimama. Shakila akaangalia chini. Ndipo nikaelewa Idd, na shamba, na swala, na kila simu. Nikaelewa pia nilivyokuandikia uniimbie, unigunie. Bibi, niliona aibu mpaka nikatoka kwenda kusimama nyuma ya choo.

Mama alinieleza kwamba ilianza Ramadhani, kwamba daktari amesema si ugonjwa wa kuua ila hakuahidi kwamba sauti itarudi. Nilikasirika. Bado nimekasirika kidogo.

Kisha ukanipeleka chumbani ukanionyesha kiboksi kwa kidole, kama bosi, nikafanya kazi. Nilipofungua mlango harufu ya salfa ilinipiga usoni. Mifuko imepangwa mpaka dirishani, mmoja umepasuka, na swichi iko juu yake imekaa kama kuku anayeatamia. Niliifungua. Ndani, vile vipande vya shaba vinavyogusana na waya vilikuwa vyeusi tititi, nikikwangua vinamomonyoka. Salfa hula shaba, bibi. Kiboksi cha kwanza kimeliwa polepole, cha pili kimeliwa upesi kwa kuwa mifuko imeongezeka na mlikuwa mnaingia na kutoka nayo. Ile saba yangu ilikuwa haifiki kabisa. Miezi yote nilikuwa nabishana na wewe kuhusu gitaa la Ladislaus, na wewe kwenye barua ya kwanza kabisa umenitajia salfa, na mimi mtoto wa mikorosho sikushtuka.

Na Ladislaus naye ana haki yake. Ule mvumo haukutoka kwenye wimbo. Ulitoka kwenye adapta za vile viboksi viwili, zilipoanza kuliwa nazo, ukapita na waya mpaka kwenye amplifaya. Namba ni namba, lakini kilichozisindikiza sikukijali. Ndiyo maana nimekuwekea ya chuma na adapta nzuri, nikahamishia kila kitu kwenye kabati la sebuleni lenye kufuli, na mifuko nikaipeleka banda la Mujibu mwenye duka. Usiirudishe chumbani, nakuomba. Kitu kinachokula shaba, wewe umelala nacho misimu miwili unakivuta puani. Sijui kama ndicho kilichokunyang'anya sauti. Mwulize daktari.

Kuna jambo jingine ninalotaka kukuambia. Mlipotaka kujaribu wimbo, mama alinisindikiza mpaka barabarani, nikakaa dukani kwa Mujibu ambako hapasikiki kitu. Nikanunua soda. Nikaona wanawake wanaingia uani kwako mmoja mmoja wanacheka, wanasukumana. Nikangoja. Walipotoka hakuna aliyecheka. Mama alikuja, uso umelowa, nikamwuliza, imekatika? Akatikisa kichwa. Akanishika mkono tukarudi nyumbani. Sijawahi kumwona vile, hata baba alipofariki. Bibi, mimi ndiye niliyekaza waya zile kwa mikono yangu, na nilijiona kama mtu aliyebeba kitu kisicho chake.

Ungeniambia.

Mumeo,
Anwari


Mnyambe
29 Desemba 2024

Mume wangu Anwari,

Assalamu alaykum, na marahaba kwa zile shikamoo zote nilizozijibu kwa mkono. Sisi wazima. Korosho tumeuza, mama yako amenunua bati, Shakila amekonda kwa kazi na amependeza. Salfa iko kwa Mujibu na itakaa huko huko. Daktari nilimwandikia kwenye karatasi swali lako. Hakukubali, hakukataa, alisema mifuko isirudi chumbani.

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Ungekuja mbio, ungenipakia kwenye gari, tungezunguka hospitali hii na ile, na Desemba ingepita. Mwanamke ambaye wimbo ndio kazi yake akinyamaza, watu huanza kumlilia yu hai. Nilitaka angalau mtu mmoja aendelee kunitania. Ulinitania vizuri, Mungu akulipe.

Ulipoondoka nilisikiliza wimbo kila siku na Shakila. Mvumo haupo tena, kwa hiyo yale yaliyokuwa madogo yametoka nje. Nimesikia bangili za marehemu dada yangu. Nimesikia jogoo wa mbali. Na pale kwenye sehemu ya chini nikasikia pumzi ambayo si yangu. Ndogo, ina mkoromo ndani yake. Nikadhani mtambo wako umeanza tena vituko. Nikaenda kumvuta mama yako. Alisikiliza, akaweka ungo chini, akasema, "Mama, huyo si Anwari?"

Ulikuwa wewe. Mama yako aliugua baada ya kukuzaa, na chiputu ya mwaka ule, yaani ule unyago uliorekodiwa kwenye kaseti, niliongoza nikiwa nimekubeba mgongoni. Mtoto wa mgongoni hahesabiwi mwanamume, hakuna aliyekukataza. Ulikuwa na pua iliyoziba, na nasikia mpaka leo unakoroma.

Tukaurudia. Hapo mwanzo wa ile sehemu ninaingia kwa sauti ya juu, ya juu kabisa, kama bibi yangu aliyenifundisha alivyokuwa akiimba. Ndiyo, Anwari, kwake ilikuwa juu! Mara unashtuka, unalia kidogo, kilio kimoja tu. Na mimi nashuka. Nashusha sauti mpaka karibu ninong'one, ili usiamke, na wanawake wote wanashuka na mimi, na pumzi yako inatulia. Nilikuwa nimesahau kabisa. Kuanzia alfajiri ile sikuipandisha tena, wanawake wakajua ndivyo ilivyo, na mimi mwenyewe nikajua ndivyo ilivyo. Nikakaa chini nikashika kichwa. Jambo tunaloliogopa na kuliheshimu kuliko yote, lililoliza mamia ya wanawake, kumbe nilikuwa nambembeleza mtoto.

Nilimwuliza Shakila, kwa kuandika, sasa tuimbe upi, wa bibi yangu au huu? Aliikunja karatasi akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Mabinti tuliwatoa Jumamosi iliyopita. Kulikuwa na ukungu, mikorosho haionekani. Shakila alisimama mbele, akaanza, wakaitikia. Alipofika pale alinitazama, halafu akashuka. Anwari, uwanja mzima ulishuka naye. Akina mama watu wazima waliinamisha vichwa, hata watoto waliobebwa walinyamaza, na wale mabinti wa Mnyambe na Mkunya walikuwa wanalia bila kujua kwa nini. Mimi nilifuatisha kwa midomo mitupu, na sikuona kama nimepungukiwa na chochote.

Wimbo huruhusiwi kuusikia, na sitakuambia hata neno lake moja. Ila ujue kwamba kila binti atakayetolewa huku kwetu ataimbiwa kwa sauti ya chini, kwa sababu wewe ulikuwa umelala.

Mkeo,
Hamida